Msalaba wa Nyuma ya Birika

Habari hii alinihadithia Eligio Tafoya, mtoto wa marehemu kaka yangu, mwezi wa tisa wa mwaka aliostaafu upelelezi, tulipokuwa tunamenya pilipili za kuchoma nyuma ya nyumba yangu. Tulimenya siku tatu. Eligio si msemaji. Anamenya pilipili moja, anatoa neno, anamenya ya pili. Mimi sikumharakisha. Na yale ambayo yeye hakuyaona, alielezwa baadaye na wenyewe walioyaona.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa sita. Saa tatu asubuhi Eligio alikuwa amepiga magoti kileleni pa barabara inayouvuka mlima wa Salitre, mbele ya baiskeli isiyokuwa na mwenyewe. Barabara ile ni ya zamani, changarawe tupu. Tangu lami ipitishwe upande wa kusini, huku wamebaki kupita wenye ng'ombe, na hawa wanaopenda kuendesha baiskeli pasipo na magari.

Mwenye baiskeli alikuwa Renata Olguín, mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na minne. Aliondoka mjini Jumatatu alfajiri na chupa nne za maji, aupande mlima, ateremke upande wa pili, na kabla ya saa sita mchana awe amefika kwa dada yake. Hakufika. Jumanne jioni baiskeli ikaonekana hapo juu, imeegemezwa kwenye nguzo ya kibao, taa ya nyuma imevunjika. Helmeti yake ikaonekana chini ya genge. Basi Jumatano watu kumi na wawili walikuwa wananing'inia kwa kamba kwenye genge hilo, wanatafuta maiti, ingawa neno hilo hakuna aliyelitamka mbele ya dada mtu.

Dada mtu aliitwa Nieves. Alikuwa amesimama kando, mikono kwapani, kama mtu anayesikia baridi, na joto lilikuwa limeshapanda hata mawe hayashikiki.

"Nani kaigusa baiskeli?" Eligio akauliza.

"Hakuna," akasema Stuckey, askari aliyeikuta. "Najua kazi yangu."

"Matairi yote mawili hayana upepo."

"Jua hilo. Linayeyusha kila kitu."

"Jua gani linalotoa miiba?" Nieves akasema. Akaja, akachuchumaa karibu na Eligio, akalizungusha gurudumu la mbele bila kuligusa tairi. "Angalia hapa, afande. Na hapa. Na hapa."

Tairi lilikuwa limechomwa mbigili, ile miiba midogo yenye pembe mbili kama kichwa cha mbuzi. Eligio akahesabu kumi na saba mbele, akaacha kuhesabu.

"Angeweza kupanda hivyo?"

"Na pancha? Maili saba za mlima?" Nieves akapitisha kidole hewani kando ya ringi. "Ringi ingeliwa na mawe, ingekuwa na meno kama msumeno. Hii haina mkwaruzo. Tyubu za akiba hizi hapa mkobani, hazijafunguliwa. Pampu hii hapa. Renata angeziba palepale alipochomwa, tena kwa dakika tano, huku anaimba."

Eligio akatazama chini, kushoto na kulia. Wote wakatazama. Hapo juu ni mwamba. Mbigili haipendi mwamba. Inapenda udongo uliokanyagwakanyagwa na ng'ombe, penye maji.

"Na helmeti," Eligio akasema. "Stuckey, ulipoiokota, kamba ya kidevuni ilikuwa imefungwa?"

Stuckey akafikiri. "Imefunguliwa."

"Mtu anaanguka gengeni halafu helmeti inajifungua yenyewe."

Nieves akakaa chini, akaweka paji la uso juu ya magoti.

"Baiskeli imebebwa na gari mpaka hapa," Eligio akasema. "Kuna mtu anataka tuamini kaanguka. Yeye mwenyewe yuko mahali pengine."

"Hai?" Nieves akauliza, kichwa kikiwa bado magotini.

"Sijui."

Stuckey akamvuta Eligio pembeni. "Daktari kasema bila maji, kwa joto hili, siku tatu ni za mwenye bahati. Leo ya tatu. Niwatoe watu gengeni niwapeleke wapi? Huko chini ni jangwa maili arobaini."

"Waache kwanza. Nieves, nipe hiyo baiskeli yako iliyo juu ya gari."

Nieves akainua uso. "Wewe? Mara ya mwisho umepanda lini?"

"Kabla hujazaliwa."

"Na gari lina kasoro gani?"

"Jana jioni, baiskeli ilipoonekana, nimeipita barabara hii na gari mara mbili, sikuona kitu. Dada yako hakupita na gari."

Stuckey akamteremsha Eligio na baiskeli mpaka chini magharibi, Renata alikoanzia. Njiani wakaafikiana: redio haishiki kwenye bonde la kati, kwa hiyo saa nane ikipita Eligio hajatokea juu, Stuckey ataanza kuteremka kumtafuta. Eligio akaweka chupa za maji kwenye mkoba wa nyuma, na bastola chini ya chupa, maana ilikuwa inambana kiunoni. Pa kijinga pa kuiweka, alikuja kusema mwenyewe.

Maili ya kwanza alipanda anahema. Ya pili akajifunza gia. Polepole akaanza kuona vitu ambavyo gari linavimeza: nyayo za nguruwe wa porini, kifuniko cha chupa, alama nyembamba ya tairi la baiskeli kwenye vumbi laini kandokando, pale magari hayakukanyaga. Alama ilikuwa moja, imenyooka, haiyumbi. Renata alikuwa anaendesha vizuri, hana wasiwasi.

Zizi la kwanza lilikuwa limeachwa zamani. Majani makavu tu. Akainama, akapapasa, hakuna mbigili.

Maili ya tatu ndipo alipokuwa anakaa Orval Pruitt, kwenye nyumba ya bati karibu na mgodi uliokufa. Kibao chake kilisema anayeingia atapigwa risasi. Waendesha baiskeli walikuwa wamemshitaki mara mbili kwa kuwatupia mawe. Pruitt alikuwa kivulini, anakula maharage kwenye kopo, na mezani pake palikuwa na chupa ya maji ya baiskeli, imeandikwa kwa kalamu ya wino: R. Olguín.

Eligio akaegemeza baiskeli bila haraka.

"Hiyo umeipata wapi?"

"Nimeokota."

"Wapi?"

"Barabarani. Juu huko, kwenye kona ya jiwe jekundu. Jumatatu mchana, nilikwenda na nyumbu kuchukua kuni. Ilikuwa imelala njiani, maji nusu."

"Ukayanywa."

"Maji ni maji."

"Jana askari wamekuuliza, ukasema hujaona kitu."

"Waliniuliza kama nimeona mwanamke. Chupa si mwanamke."

"Ulimwona?"

Pruitt akakwangua kopo. "Jumatatu, saa moja asubuhi. Kanipungia mkono."

"Na wewe?"

"Mimi siwapungii." Akaliweka kopo chini. "Hajapatikana?"

Eligio akazunguka nyumba. Gari la Pruitt lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu, buibui wamejenga mlangoni. Akakagua kwato za nyumbu, akakagua soli za buti zilizokuwa nje. Mwiba wa mbigili haukuwemo hata mmoja. Kila askari pale wilayani alikuwa anamtaka Pruitt, na Eligio mwenyewe angependa awe yeye, ingekuwa rahisi. Lakini mtu hawezi kubeba baiskeli maili nne mlimani kwa nyumbu bila kuchuna rangi, na rangi ilikuwa nzima.

"Gari gani limepita Jumatatu?" akauliza akiondoka.

"Nilikuwa kwenye kuni. Huko juu nimesikia moja. Halikupita kwangu."

Basi gari liliingia barabarani juu zaidi ya kwa Pruitt. Na Renata alilipita jiwe jekundu akiwa juu ya baiskeli, maana chupa hudondoka mtu anapokimbiza kwenye matuta. Lililompata lilimpata kati ya jiwe jekundu na kilele. Maili tatu.

Hapo ndipo bonde linapobana. Kuta mbili, anga kama utepe, na ukimya ambao Eligio hakuupenda. Alikuwa anasikia mnyororo, pumzi zake, na changarawe. Akalipita jiwe jekundu. Redio ikakwaruza, ikanyamaza.

Ndipo akasikia injini.

Ilikuwa nyuma yake, mbali, inakuja taratibu. Akageuka. Vumbi, kona mbili chini. Akasogea kando lipite. Alipobana breki, mngurumo nao ukazima.

Akasubiri. Kimya.

Akapanda tena, akapiga pedali. Injini ikawaka. Akasimama. Injini ikazima. Akajaribu mara ya tatu, makusudi kabisa, akahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne, gari likasimama. Halikuongeza mwendo na halikupungua. Lilikuwa linamfuata kama mtu anavyomfuata ng'ombe mgonjwa, anangoja aanguke.

Bastola ilikuwa chini ya chupa. Kushuka kuitafuta ni kusimama, na kusimama hakutaka. Akapiga pedali mpaka mapaja yakawaka moto, kona baada ya kona, na huku nyuma ngurumo ile ile, haina hasira, haina haraka.

Kwenye maili ya tano bonde likafunguka kidogo. Palikuwa na pampu ya upepo, birika la mawe la kunyweshea ng'ombe, zizi, na geti la waya la njia ya shamba. Udongo ulikuwa umesagwa na kwato. Eligio akasikia tss, halafu tss nyingine. Usukani ukalegea. Akashuka, akaangalia: mbigili, tairi zima.

Ni hapa, akajua. Akaisukuma baiskeli mpaka kwenye birika, na macho yake yakaanza kazi ingawa masikio yalikuwa bado barabarani.

Mbele ya geti vumbi lilikuwa limefagiwa. Mistari ya tawi ilionekana wazi. Hakuna anayefagia barabara ya mlimani. Pembeni, chini ya jani kavu, akaokota kipande cha plastiki nyekundu, cha taa ya nyuma ya baiskeli. Halafu akazunguka birika, akauona msalaba.

Ulikuwa mdogo, wa vijiti viwili vya mti wa mesquite vilivyokatwa karibuni, magome bado mabichi. Umesimikwa kwenye mawe, umefichwa nyuma ya birika ili mpita njia asiuone. Kwetu mtu akifia njiani, msalaba husimikwa pale roho ilipomtoka, hata kama maiti imezikwa mbali. Hata mtu mwenye dhambi anayetaka kuficha, hili halimpiti. Ataogopa kuiacha roho bila alama.

Aliyeuweka msalaba huu alimwona Renata akifa. Au aliamini amemwona.

Eligio akapiga goti, akatazama waya uliofunga vijiti. Ulikuwa umezungushwa kuelekea kushoto, ncha zimekunjwa ndani zisichome. Watu wengi huzungushia kulia. Akaenda kwenye geti, hatua kumi. Kila fundo la geti lile lilikuwa limezungushwa kushoto, ncha zimekunjwa ndani.

Alijua geti ni la nani. Kila mtu alijua. Akageuka kutazama barabara, na pikapu ya kijivu ikatokea konani, ikasimama katikati ya njia. Nyuma ya kioo, juu ya kiti, ilionekana bunduki imelazwa kwenye kishikizo chake.

Eligio akafungua mkoba. Chupa moja ikaanguka, ya pili ikaanguka. Mlango wa pikapu ukafunguka.

"Nani hapo?" sauti ikaita.

Alikuwa mzee Wenceslao Armijo, miaka sabini na tisa, mjane, mwenye shamba la upande ule, ambaye njia ya nyumbani kwake huingia barabarani chini kidogo ya jiwe jekundu. Alikuwa hatua sita tu kutoka kwa Eligio, na Eligio alimjua tangu akiwa kijana. Eligio alikuwa na bastola mkononi, juani, na mzee alikuwa anatazama bega la kulia la Eligio kana kwamba ndilo uso.

"Nani hapo?" akarudia.

"Eligio Tafoya, mzee. Wa Cipriano."

"Aa, mwanangu. Nilikuwa nimeona kitu chekundu kinakwenda. Nikakifuata. Kikisimama kinanipotea, nami nasimama."

Eligio alikuwa amevaa shati jekundu. Akaiteremsha bastola polepole, akaisukuma nyuma ya mkanda.

"Nina pancha," akasema.

"Panda. Nikusogeze."

Ndani ya pikapu, kitini kati yao, palikuwa na blanketi safi limekunjwa, jagi la maji, na mshumaa mpya. Mzee akageuza gari, akapita getini akiikosa nguzo ya kushoto kwa upana wa kidole. Mkono wa kushoto ndio ulioshika gia, akiwa amejipinda kama aliyezoea hivyo. Mbele yao palikuwa na nguzo nyingine.

"Nguzo, mzee."

"Naijua." Akaikwepa kwa kuchelewa, kioo cha pembeni kikalia.

"Unakwenda wapi na mshumaa?"

"Kusali."

"Kanisani?"

"Nyumba ya zamani. Ya marehemu mke wangu."

"Mchana huu?"

"Nasali asubuhi na jioni. Leo asubuhi nimechelewa. Perla alikuja na mahubiri yake."

"Perla binti yako anataka nini?"

"Anataka nikakae naye mjini. Ghorofani. Kaninyang'anya funguo za gari. Sikumwambia kwamba zipo mbili." Akacheka kidogo, akaacha. "Ng'ombe arobaini na wawili. Atawanywesha nani, yule mume wake anayevaa viatu vyeupe?"

Eligio akangoja matuta mawili yapite. Halafu akauliza bila kupandisha sauti, kama anauliza habari za mvua:

"Umemweka wapi, mzee Wenceslao?"

Gari likaenda kidogo, likasimama lenyewe. Mzee akavua kofia, akaipakata.

"Sikumwacha nje, mwanangu. Tai walikuwa wameanza kuzunguka."

"Ulimgonga."

"Nilikuwa natoka getini. Nilisikia tu. Nikadhani ndama." Vidole vilikuwa vinatembea pembezoni mwa kofia. "Nikashuka, nikampapasa. Damu kichwani, hajibu. Nikamwita, hajibu. Nikamvua ile kofia yao, nikamshika shingo, lakini mikono yangu hii inatetemeka, haisikii. Nikavua saa, nikamwekea kioo mdomoni, kama alivyofanya baba yangu kwa mama."

"Ukaona nini?"

"Sikuona kitu."

"Kioo kilikuwa kikavu?"

Mzee akaigeuza kofia mapajani.

"Mzee. Kilikuwa kikavu?"

"Sioni, Eligio," akasema. "Sijaiona saa yangu tangu Krismasi."

Eligio akafungua mlango, akazunguka, akamsukuma mzee kiti cha pili, akashika usukani.

"Njia ipi?"

"Kwenye miti miwili. Ghala la chini, la pichi na viazi. Kuna ubaridi. Nikamfunika. Nikafunga kwa mtaimbo, mbweha wasiingie. Halafu nikafagia njia, baiskeli nikaipeleka kileleni na ile kofia nikaitupa gengeni, Perla asijue."

"Na umerudi mara ngapi?"

"Jumatatu jioni. Jana asubuhi. Jana jioni. Nimesali rozari nzima, mlangoni. Ndani sikuingia, niliona haya."

"Ulisikia chochote?"

"Kimya, mwanangu. Kimya kabisa."

Eligio akaliendesha gari lile la watu bila kuhurumia springi. Anasema hajawahi kuogopa kama alivyouogopa ule mlango. Ulikuwa wa mbao, umelala mteremkoni, mtaimbo umepita kwenye pete. Alimwacha mzee ndani ya gari, funguo akazitia mfukoni. Akaweka sikio kwenye mbao. Hakuna kitu.

"Renata."

Hakuna kitu.

"Renata Olguín. Mimi ni polisi."

Akauchomoa mtaimbo, akauinua mlango. Giza, ngazi sita za mawe, harufu ya udongo na sukari iliyooza. Akateremka ngazi ya tatu, na kitu kikampiga paji la uso, kikapasuka. Akakaa kitako. Damu ikamwingia jichoni.

"Sogea nyuma," sauti ikasema. Ilikuwa sauti kavu kama ya mtu aliyekula mchanga. "Nina nyingine."

"Nasogea."

"Na yule mwingine?"

"Yuko garini. Funguo ninazo mimi."

"Unasema uongo. Wewe ni wake. Anakuja anasimama mlangoni ananong'ona. Anangoja nife."

"Mimi ni Tafoya, wa polisi wa wilaya."

"Taja jina la dada yangu."

"Nieves. Kaniazima baiskeli yake, nimeshaitoboa matairi yote mawili."

Gizani ikasikika chupa ikiwekwa chini.

"Atakuua," Renata akasema, na akaanza kulia.

Alikuwa amevunjika nyonga na bega. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye rafu, na kwa siku mbili na nusu alikunywa maji ya sukari ya pichi zilizowekwa kwenye chupa za kioo na mke wa Wenceslao miaka ishirini iliyopita. Chupa ilipokwisha, aliiweka karibu na mkono, kwa ajili ya atakayefungua. Alikuwa nazo nne. Mkono wa shati lake ulikuwa umetafunwa mpaka ukatoboka. Kila hatua zilipokuja mlangoni aliuma kitambaa asisikike anapumua.

Eligio akambeba, akamlaza kwenye blanketi nyuma ya pikapu. Mzee Wenceslao aliteremka, akafuata sauti ya pumzi zake, mkono mbele, mpaka akaligusa bati la gari. Akasikia mtu anapumua. Akapiga magoti mawili vumbini, na ikabidi Eligio amwinue kwa kwapa.

"Mwondoe," Renata akasema. "Mwondoe hapo."

Walipofika juu kileleni ilikuwa saa saba na nusu. Nieves alilisikia gari kwanza. Eligio alisimamisha tu, akaenda kukaa kwenye jiwe, na Stuckey akapiga filimbi watu wapande kutoka gengeni.

Hospitalini mambo yalikwenda mbio mpaka saa kumi na moja. Wakamtia Renata maji ya mshipani, wakamfunga bega, wakasema nyonga itapasuliwa kesho. Wenceslao alikuwa kituoni, amesema yote mara mbili, hataki wakili, anauliza tu kama ng'ombe wamepata maji. Stuckey alipiga simu kusema Pruitt amekwenda na nyumbu kuwafungulia birika, bila kuombwa, na kwamba mzee amelala kwenye benchi akiwa amekaa, kofia magotini. Alikuwa hajalala tangu Jumatatu. Nieves naye alilala kwenye kochi la wodini, viatu miguuni, mdomo wazi.

Renata hakutaka kulala. Jua lilikuwa bado dirishani. Nesi alipotaka kuvuta pazia alimshika mkono, akamzuia.

"Liache wazi," akasema. "Na mlango pia."

Eligio akakaa kwenye kiti mlangoni, paji la uso limeshonwa nyuzi sita.

"Pole kwa hiyo," Renata akasema.

"Ulilenga vizuri."

"Nilikuwa nalenga yeye." Akatazama dari. "Afande. Alikuwa ananong'ona nini pale mlangoni?"

Eligio hakutaka kusema, lakini aliulizwa.

"Alikuwa anakuombea. Rozari. Alidhani umekufa."

Kwenye korido toroli lilikuja, likaenda.

"Alikuwa na maji?"

"Kila alipokuja. Jagi zima, la kunywa akiwa shambani."

"Ningekohoa tu."

"Hukujua."

"Ningekohoa tu," akarudia, polepole, kama anavyorudia hesabu ambayo jibu lake halikubali.

Eligio alikusudia kumwambia neno zuri. Alikuwa anatafuta lipi. Lakini mtu wa miaka hamsini na mbili aliyepanda mlima kwa baiskeli ana mwisho wake. Kidevu kikamwangukia kifuani, akaanza kukoroma. Yaliyobaki alielezwa na Renata mwenyewe.

Alibaki macho, peke yake kati ya wawili waliolala. Mwanga wa jua ulikuwa umefika ukutani juu, mwembamba. Ndipo akasikia hatua koridoni. Hatua nzito, za taratibu, zinakuja, zinasimama mlangoni, upande asioweza kuuona. Meno yake yakautafuta mkono wa shati. Halikuwa shati, ilikuwa gauni la hospitali, lina harufu ya sabuni.

Akautoa mdomoni.

"Nani hapo?" akaita, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka Nieves akageuka kwenye kochi.

"Ni mimi wa chakula," mwanamume akajibu kutoka koridoni. "Kuna supu, kuna biskuti. Umelala?"

"Bado. Ingia."

Akaingia, mtu mnene mwenye trei, akiiruka miguu ya Eligio. Renata akanywa supu vijiko vitatu, akasema inatosha, akamwomba aiache trei pale pale. Mtu yule akatoka anaburuta viatu. Renata akazisikiliza zile hatua zikienda mpaka mwisho wa korido, zikapinda, zikaisha, na kabla mwanga haujatoka ukutani naye akalala.